Neno "Yes" na Ndiyo Yetu

Lipo neno moja la Kiingereza, la herufi tatu tu, ambalo nimelisomesha kwa zaidi ya miaka thelathini na hadi leo silitumii bila ya kufikiri mara mbili. Neno lenyewe ni "yes". Najua msomaji ataniona mzee aliyekosa la kuandika. Maneno magumu ya Kiingereza yapo tele, na hili kila mtoto wa Kiuyu analijua kabla hajapelekwa skuli. Akimwona mgeni anapita na baiskeli kuelekea msitu wa Ras Kiuyu, hulirusha neno hilo kama anavyolirushia embe jiwe: "Yes! Yes!" Mgeni naye hujibu "Yes", anaendelea na safari yake, na kila mtu ameridhika.

Mimi nililipata ubaoni. Mwalimu wetu aliandika kwa chaki, kwa hati nzuri ambayo sijaiona tena kwa mwalimu mwengine: Yes = Ndiyo. Chini yake: No = Hapana. Tukanakili katika madaftari yetu, tukasoma kwa pamoja mara tatu, kengele ikalia. Somo lile halikuchukua robo saa. Simlaumu mwalimu, kwani kitabu alichopewa kilisema hivyo hivyo. Ninayemlaumu, kama alama ya hesabu inaweza kulaumiwa, ni ile alama ya sawasawa aliyoiweka katikati. Sita na nne ni sawa na kumi, leo na kesho, Kiuyu na London. "Yes" na ndiyo si sawa kwa namna hiyo.

Tuanze na kwetu. Mtu aliyekulia kisiwani Pemba hatumii neno "ndiyo" mara nyingi kama vitabu vya skuli vinavyodhani. Mtoto akiitwa na mkubwa wake haitiki "ndiyo". Ataitika "labeka", au mwanamume ataitika "naam" na mwanamke "bee". Hapo hakuna jambo lililokubaliwa wala kukanushwa. Mtoto ameonesha tu kwamba amesikia na kwamba ana adabu. Mtu akikuhadithia jambo, unamsindikiza kwa "ehee" au "ee", naye anajua unamsikiliza, si kwamba umeyasadiki yote. Akisema jambo likakuingia barabara, unasema "ewallah". Akikutuma, unasema "haya". Akikuomba jambo ambalo hukusudii kulifanya, unasema "inshallah" kwa sauti ya chini, ingawa maalim wangu wa chuoni angeniadhibu kwa kulitumia neno tukufu kwa kazi hiyo. Maneno yote haya Mwingereza anaweza kuyafanya kwa "yes" moja, akibadilisha sauti tu. Anaitika kwa "yes", anakubali kwa "yes", anamsindikiza msimulizi kwa "yes", anafungua simu kwa "yes". Akilitamka kwa kulipandisha juu mwishoni, amekuuliza unataka nini, na wakati mwengine amekufukuza.

Na tukiulizwa swali la kawaida, sisi aghlabu tunajibu kwa kitendo. "Umekula?" "Nimekula." "Baba yupo?" "Yupo." "Mashua imerudi?" "Bado." Mtu anayejibu "ndiyo" kwa kila swali husikika kama anasoma katika kitabu, au kama yuko mbele ya sheha. Hili la kurejea kitendo watu hawalitilii maanani kwa sababu ni jepesi mno, lakini mimi naliona ni hazina. Anayesema "nimekula" hawezi kufahamika vibaya na mtu yeyote, kwa lugha yoyote.

Sasa neno "ndiyo" lenyewe. Likitazamwa vizuri, lina vipande viwili: "ndi-", ambayo ni ya kutilia mkazo, na "-yo", ambayo ni kirejeshi. Hii nyumba ndiyo, hiki kiti ndicho, huyu mtu ndiye. Kwa hiyo anayejibu "ndiyo" anasema: hayo uliyoyasema ndiyo yaliyo. Anayathibitisha maneno ya muulizaji kama yalivyotoka kinywani mwake. (Na kwa kuwa nimefika hapa, niseme kwamba magazeti yetu yanayoandika "ndio" kwa maana ya kukubali yananikera. "Ndio" ni ya hao watu ndio, na huu mti ndio. Lakini nimeshindwa vita hii hata nyumbani kwangu. Wanangu wote wananiandikia "ndio" katika simu.)

Ikiwa ndiyo inathibitisha maneno, basi swali likiwa la kukanusha, ndiyo inathibitisha kule kukanusha. "Hujala?" "Ndiyo." Maana yake: ni kweli usemavyo, sijala. Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye hatazami maneno ya muulizaji, anatazama jambo lenyewe limekuwa au halikuwa. Likiwa limekuwa ni "yes". Halikuwa ni "no". Ukimuuliza kama hajala, naye kweli hajala, atajibu "no". Akijibu "yes", basi ameshakula. Kwa hivyo katika swali la kukanusha ndiyo yetu na "yes" yao hazikaribiani hata kidogo. Zinapingana. Na hili ubaoni halikuwepo.

Nilijifunza kwa njia nyengine. Mwaka 1986 nilikuwa Kidato cha Pili, na katika mtaa wetu nilihesabiwa kuwa mjuzi wa Kiingereza. Mdogo wangu wa kike, wa miaka minne, alishikwa na homa kali. Mama alimpeleka zahanati, akaambiwa dawa imekwisha, ampeleke hospitali. Tukapanda gari la shamba, mama na mtoto mapajani, na mimi nimening'inia nyuma. Tulipofika hospitali, ambayo sitaitaja, jua lilikuwa limeshazama. Daktari wa zamu alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, na muuguzi aliyezoea kumfasiria alikuwa ameitwa wodi nyengine. Basi nikajitokeza mimi.

Mambo yalikwenda vizuri. Homa ilianza lini, ametapika mara ngapi, anakunywa maji au hanywi, yote niliyafasiri, na mama alikuwa akinitazama kwa jicho ambalo mwana yeyote angependa kutazamwa nalo. Kisha daktari akauliza, kwa Kiingereza, kwa namna ile ya mtu anayetaka kuhakikisha tu: hajapigwa sindano ya kwinini? Nikamgeukia mama: "Mama, huko zahanati hajapigwa sindano?" Mama akasema, "Ndiyo, baba." Nikamgeukia daktari nikasema, "Yes."

Yes = Ndiyo. Nilikuwa nimeisoma mara tatu kwa sauti.

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Kwinini si dawa ya kurudiarudia ovyo. Ikizidi huweza kuudhuru moyo, na daktari mwenye hadhari hampigi mtoto sindano ya pili kabla ya saa zake kutimia. Akaagiza mtoto apewe maji, apanguswe kwa kitambaa, angojewe. Tukangoja. Usiku wa manane mtoto akaanza kukakamaa na kutupa mikono. Alfajiri muuguzi wa Kipemba alipoingia zamu, alisoma karatasi, akamuuliza mama: sindano ya kwanza alipigiwa wapi na saa ngapi? Mama akashangaa. "Sindano gani? Mtoto hajaguswa. Nimesema tangu jana."

Muuguzi hakupoteza wakati kuuliza nani aliandika nini. Mtoto akapigwa sindano, akawekewa maji, na siku ya tatu akaomba uji. Alipona. Lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena. Wakubwa wa dawa nilioulizana nao baadaye wameniambia kwamba homa ya aina ile, ikipanda kichwani, huweza kuondoka na sikio, na kwamba kwinini nayo huweza kufanya hivyo. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kama sikio lile lilikwenda na usiku ule au lingekwenda vyovyote. Nimeyasikia maelezo haya kwa madaktari watatu. Hayakunisaidia.

Mama alimlaumu daktari maisha yake yote. "Niliulizwa, nikajibu," akisema, "yeye ndiye hasikii." Na alikuwa kweli amejibu sawa. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, na nilifahamu kosa lilikuwa wapi kabla hatujatoka hospitali, maana muuguzi yule alinitazama mara moja tu, akafahamu, na akanihurumia kwa kunyamaza.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchunguza neno hili, na nilivyozidi kuchunguza ndivyo nilivyoona kwamba nilikuwa nimepewa onyo mapema zaidi, mahali ambapo sikudhani. Chuoni, maalim alitusomesha aya ya 172 ya Suratul A'raf, ambamo wanaadamu wanaulizwa na Mola wao kwa swali la kukanusha: je, Yeye siye Mola wao? Wao hawakujibu "naam". Walijibu "bala". Maalim alitueleza, na imepokewa kwa Ibn Abbas, kwamba lau wangesema "naam" wangekufuru, kwa sababu "naam" ingeyathibitisha maneno ya kukanusha kama yalivyo. Kiarabu kina neno maalumu la kulivunja swali la kukanusha na kulithibitisha jambo. Sisi watoto tulichoshika siku ile ni kwamba "bala" inafanana na balaa, tukacheka mpaka tukachapwa. Elimu yote niliyoihitaji hospitalini ilikuwa imeshapita mbele yangu chuoni, juu ya jamvi, bila ya chaki.

Na Waingereza wenyewe walikuwa nayo elimu hiyo wakaipoteza. Zamani walikuwa na maneno manne: "yea" na "nay" yakijibu swali la kawaida, "yes" na "no" yakijibu swali la kukanusha. Ukimuuliza mtu amekula, angesema "yea". Ukimuuliza hajala, naye ameshakula, hapo ndipo angesema "yes". Yaani "yes" ilizaliwa kuwa "bala" yao! Mwaka 1532 Sir Thomas More alimshambulia William Tyndale, mfasiri wa Agano Jipya, kwa kuandika "no" mahali palipostahiki "nay". Watu wale walikuwa na ugomvi mkubwa zaidi wa dini, na wote wawili waliuawa kwa ajili ya dini, More mwaka 1535 na Tyndale mwaka 1536. Lakini hata katikati ya ugomvi huo More alipata nafasi ya kumsahihisha mwenzake neno la herufi mbili. Napenda mtu wa namna hiyo. Hata hivyo alikuwa anatetea nyumba inayobomoka, kwani muda si mrefu baadaye "yea" na "nay" ziliachiwa washairi na watu wa kanisani, na "yes" ikarithi kazi zote. Wafaransa wamebakia na "oui" na "si", Wajerumani na "ja" na "doch". Wajapani na Wachina wako upande wetu: wao pia huthibitisha maneno ya muulizaji. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu miaka ya 1960. Mara nyengine najiuliza ingekuwaje lau usiku ule zamu ingekuwa ya mmoja wao.

Nisije nikaonekana nawalaumu wageni peke yao. Na sisi tumeliharibu neno letu la kukataa. "Hapana" si neno la kukataa lolote na popote. Ni "ha-pa-na", mahali hapa hamna kitu. Hapana maji, hapana watu, hapana nafasi. Wazee wetu walikataa kwa "la", au "siyo", au kwa kitendo chenyewe: "sitaki", "sijui", "sikwenda". Siku hizi mtu anaulizwa jina lake ni Fulani, anajibu "hapana", kana kwamba ameulizwa habari ya kisima. Nakubali kwamba maji yameshamwagika. Neno limesanifiwa, limo katika kamusi, na mimi mwenyewe hunitoka. Ninachosema ni kwamba ilipoandikwa "No = Hapana" ubaoni, neno la kwetu lilivutwa likafanane na la kigeni, na hakuna aliyeuliza kama linataka.

Nilipokuwa mwalimu niliapa kwamba katika darasa langu alama ile ya sawasawa haitaandikwa. Niliwafundisha watoto kwa maswali ya kukanusha tangu wiki ya kwanza, na walinichukia. Lakini darasani kuna adui mwengine wa neno hili, nami sikumweza. Ni "yes" ya pamoja. Mwalimu anauliza, "Mmefahamu?" Watoto arubaini na tano wanaitika, "Yeees!" Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu Darasa la Tano, na tangu hapo nilizidi kuisikia "yes" hii ikipita madirishani kutoka madarasa ya wenzangu. Mwalimu anaichukua kuwa ni jawabu. Ni labeka tu. Watoto wamesikia wameitwa, wameitika kwa adabu, na kuhusu zile sehemu na desimali ubaoni hawajasema lolote. Mwalimu mwenzangu mmoja nilimwambia aulize, "Nani hajafahamu?" Akauliza. Darasa zima likaitika, "Yeees!" Akaniambia hatanisikiliza tena.

Pia wapo wanaokuja na karatasi za utafiti. Mara hii wanataka habari za uvuvi, mara za mwani, mara za vyandarua. Maswali yametungwa kwa Kiingereza, yakafasiriwa na mtu aliye mjini, na pembeni pana vijumba viwili vya kutia alama. Niliwahi kukaa kando ya mvuvi mmoja wa hapa kwetu akiulizwa na kijana: "Hutumii juya?" Mzee akajibu, "Ndiyo, mwanangu, situmii," lakini kijana alikuwa ameshatia alama yake baada ya neno la kwanza. Nikamwomba anioneshe. Ilikuwa katika kijumba cha "yes". Nikamweleza kwa upole, akaona haya, akafuta. Ila ni karatasi moja, kijiji kimoja, na mimi nilikuwa nimepita tu kununua changu. Sijui mzee mwengine yupi amesajiliwa mvuvi wa juya kwa sababu ya adabu yake ya kuanza na ndiyo.

Mahakamani jambo hili ni zito zaidi. Kwa miaka mingi katika nchi yetu shahidi amesema kwa Kiswahili na hakimu ameandika kwa Kiingereza. Bara sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, nami naona ni jambo jema. Wakili anayemuuliza mtu wa shamba, "Hukuwepo usiku ule?" akajibiwa "Ndiyo", ana wajibu wa kumuuliza tena: ulikuwepo au hukuwepo? Anayeacha kuuliza ama hajui, ama anajua sana.

Ushauri wangu kwa anayefasiri, kama upo, ni wa jikoni tu. Usifasiri neno, lirudishe katika kitendo. Ukisikia ndiyo baada ya swali la kukanusha, usiipeleke upande wa pili mpaka umeirejea kwa mwenyewe: hajapigwa, au amepigwa? Itakugharimu nusu dakika.

Mama alifariki mwaka 2009. Mdogo wangu ana watoto wanne sasa na analima mwani. Ukikaa naye huwa mwenyewe anakuweka upande wa kulia. Wiki iliyopita nilimkuta ukumbini kwake anafunga mbegu kwenye kamba, nikaona kwamba kama nitayaandika haya katika kitabu, yeye ana haki ya kuyasikia kwanza. Nikamweleza yote, ya daktari, ya swali, ya neno nililolisema. Mikono yake haikusimama. Alifunga kama mafundo matano sita hivi, ndipo akauliza:

"Na mama hukumwambia?"

"Sikumwambia."

Akageuza kichwa, akaniletea sikio la kulia. "Umesemaje?"

"Nimesema sikumwambia."

Akavuta kamba, akaendelea kufunga.